Ng'ombe Wangu Waligeuka Pikapu

Kuna watu duniani wanaolipenda gari lile. Mpwa wangu alinionyesha kwenye simu yake: wazee wa Kizungu wamejipanga uwanjani na magari yao yaliyong'arishwa, wanapiga picha, wanafuta vioo kwa vitambaa laini, na mmoja analengwalengwa na machozi. Mpwa wangu alidhani nitafurahi, kwa sababu amesikia tangu utotoni kwamba kwetu tuliwahi kuwa nalo moja. Nikamwambia azime simu ale ugali wake.

Jina la gari sitaliandika. Kampuni yake ilishakufa, na mimi sina sababu ya kuipigia tarumbeta. Lakini habari zake ninazo, maana nilizitafuta baadaye, kama mtu anavyotaka kujua habari za mwizi wake. Ilianza huko Marekani kwa kutengeneza mikokoteni ya kuvutwa na farasi. Ikakua, ikaingia kwenye magari, ikawa na viwanda vikubwa na matangazo magazetini, na baba wa familia aliyeegesha moja mbele ya nyumba yake alijiona mtu. Halafu kampuni nyingine kubwa zaidi zikaiacha nyuma. Ikapunguza, ikahamahama, ikabadilisha sura za magari yake, mwisho ikafunga milango. Hayo yote yalitokea kabla mimi sijazaliwa. Miaka ya tisini, mimi nikiwa mwanamke niliyeolewa tayari, ndipo baba yangu mzazi alipoamua kulinunua, na alilinunua kwa ng'ombe wangu.

Nasema wangu, ingawa najua wazee watanuna. Kwa mila yetu Wasukuma, ng'ombe wa mahari si wa binti. Ni wa baba, na wanakaa zizini kwa shughuli mbili: kaka yako aolee, na wewe uwe na mgongo wa kuegemea. Ukiona ndoa imekushinda, ukarudi kwenu, ng'ombe wanarudishwa kule walikotoka na wewe unabaki kwenu, mtu huru. Kama umezaa huko, wachache wanabaki kwa baba yako kwa ajili ya watoto. Kama hujazaa, wanarudi wote. Kwa hiyo binti aliyeolewa anapopita zizini kwa baba yake huwa anawatazama wale ng'ombe. Mimi niliwatazama. Niliwajua kwa rangi na kwa pembe.

Sisi tulikuwa tumehamia Kasokola, kijiji karibu na Mpanda, kutoka kaskazini nikiwa mdogo, tukifuata malisho, enzi hizo Mpanda ikiwa bado chini ya Mkoa wa Rukwa. Mume wangu alitoka Litapunga, familia ya wahamiaji kama sisi. Alikuwa mrefu, mcheshi mbele za watu, na mkono wake ulikuwa mwepesi mlango ukishafungwa. Mwanzo nilifikiri ni pombe. Halafu nikaona ananipiga akiwa hajagusa pombe, na ananipiga vizuri zaidi.

Gari lilikuja mwaka wa pili wa ndoa yangu. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa hakukaliki, vita huku na vita kule, na watu walivuka na chochote walichoweza kuvusha. Wafanyabiashara fulani walilivusha lile pikapu kwa boti ya mizigo, wakaliteremsha bandarini Ikola, upande wetu wa ziwa, kwa mbao na kamba, wakaliendesha mpaka Mpanda. Usukani wake ulikuwa kushoto. Lilikuwa la rangi ya kijani, kubwa, limevimba mashavu, na mbele lilikuwa na chuma kinachong'aa kilichofanana na meno. Wenyewe hawakutaka fedha. Walitaka ng'ombe wa kupakia kwenye treni.

Mama ndiye aliyenisimulia jinsi baba alivyolinunua, na kila nikikumbuka damu inanichemka. Alilinunua kama dume la ng'ombe. Alilizunguka. Alilipiga makofi kiunoni kusikia kama limeshiba. Aliinama akatazama tumbo. Alifungua mlango akaufunga kwa nguvu, akasikia mlio mzito, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akauliza limetoka ukoo gani. Wale wafanyabiashara, ambao hawakuwa wajinga, wakamwambia ni la Marekani, la ukoo mkubwa, kwamba mababu wa kampuni ile walitengeneza mikokoteni kabla ya gari lolote kuwepo duniani. Neno mikokoteni ndilo lililommaliza. Baba aliheshimu mkokoteni. Akaona hawa ni wafugaji wenzake.

Lakini swali ambalo angeuliza kwa ndama wa siku tatu hakuliuliza. Hakuuliza mama yake yuko wapi na kama bado anazaa. Mtu aliyekataa ng'ombe mnadani kwa sababu hakuna aliyemjua mama yake alichukua gari ambalo ukoo wake ulishazikwa. Na waliotoka zizini siku ile ni wa mahari yangu, kwa sababu ndio waliokuwa wanene.

Sikatai kwamba lilivuma. Kipindi cha kampeni za uchaguzi baba hakushika jembe. Walifunga vipaza sauti juu yake, yeye yuko kwenye usukani na kofia yake, anazunguka mitaa ya Mpanda anapungia watu mkono kana kwamba mgombea ni yeye. Lilibeba mahindi, lilibeba maharusi, lilibeba wagonjwa. Wakulima wa kutoka kwenye makazi ya wakimbizi Warundi walimpisha barabarani wakimwita bosi. Nyumbani mama alikuwa anachota maji kisimani kuliosha, ndoo kwa ndoo, kila asubuhi, wakati ng'ombe waliobaki wanasubiri kunywa. Mimi nikija kusalimia nilipiga magoti kumwamkia baba, naye aliitikia huku anafuta kioo.

"Umeliona, mayu?" alikuwa akiniuliza. Kwetu baba humwita binti yake mayu, mama, akiwa amefurahi.

Nilikuwa nimeliona. Mgongoni nilikuwa na alama ya mkanda, na nilikuja kutafuta namna ya kumwambia.

Halafu zikaja zile mvua kubwa za mwishoni mwa miaka ile, ambazo kila mtu wa Mpanda anazikumbuka kwa kilichozama kwake. Barabara zilikatika. Pikapu lilinasa kwenye tope, likatolewa kwa kuvutwa na ng'ombe (nilicheka niliposikia, nakiri, nilicheka kwa sauti), na tangu hapo halikuwa zima. Pampu ya maji ilipasuka. Stata ikafa, likawa haliwaki bila kusukumwa. Baba akaifunga ile pampu kwenye gunia, akampa dereva wa lori aliyekuwa anakwenda Dar es Salaam, amtafutie nyingine.

Dereva alirudi na gunia lilelile. Nilikuwepo siku hiyo.

"Mzee, nimezunguka maduka yote mpaka soli imeisha," alisema. "Wananicheka tu. Kampuni ya hii gari ilishafungwa zamani. Hata huko Marekani kwenyewe hawaitengenezi tena."

"Marekani imefungwa?" baba akauliza.

"Marekani ipo, mzee. Kampuni ndo haipo."

"Kama Marekani ipo, spea ipo," baba akasema. "Nyie hamjui kutafuta."

Akalifunika gari turubai na kuendelea kungoja. Na hapo ndipo mimi nilipotoroka.

Sitaeleza usiku ule. Inatosha kusema nilifika Kasokola na jicho moja limeziba, na mama alipoliona akaenda kuwasha moto. Alinichemshia maji. Nikamwambia baba maneno ambayo nilikuwa nimeyapanga njia nzima: sirudi, rudisha ng'ombe. Sikuwa nimezaa, hesabu ilikuwa rahisi. Baba alitazama zizi; hata wale waliokuwa wamebaki alishawauza kwa mafuta na matairi, pakabaki vindama viwili na mbuzi. Alikuwa ameona aibu, namjua. Lakini hakusema ameona aibu. Alisema nisiwe na wasiwasi, ana kitu cha thamani kuliko ng'ombe.

Wakwe walikuja kuzungumza. Aliyesema alikuwa baba mkubwa wa mume wangu, mzee mkavu, mpole wa sauti, na mume wangu mwenyewe alikaa pembeni amevaa shati safi. Mimi nilikaa ndani na mama, tukisikiliza kupitia dirisha. Wale wazee hawakukataa kwamba nilipigwa. Walisema kama hataki, basi, mtoto wa watu halazimishwi. Ng'ombe wao warudi. Nilisikia hivyo kwa masikio yangu. Mlango ulikuwa wazi. Kilichotakiwa ni ng'ombe tu.

Baba akainuka, akavuta turubai.

"Chukueni hii," akasema. "Ni ya Marekani."

Nikachungulia. Yule mzee alilizunguka gari polepole. Alifanya yaleyale aliyofanya baba: akapiga makofi kiunoni, akainama kutazama tumbo. Akapitisha kidole kwenye kile chuma cha mbele, kikamwachia kutu. Kisha akauliza kwa sauti yake ya upole:

"Nikiipeleka nyumbani, itazaa?"

Wenzake wakacheka. Mume wangu alicheka kuliko wote.

"Sisi tulikuletea ng'ombe wanaotembea," mzee akaendelea. "Hii hata kutembea haitembei. Tunampa binti muda wa kufikiri. Ng'ombe wakipatikana, tuite. Wasipopatikana, mrudishe kwa mume wake."

Nilimsubiri baba aseme chochote juu yangu. Aseme mtoto wangu ana jicho moja. Aseme atakwenda kwa ndugu zake kaskazini akaombe ng'ombe, watu hufanya hivyo, ndiyo kazi ya ukoo. Baba alisimama pale na turubai mkononi, akasema: "Inatembea. Nitawaonyesha kwamba inatembea."

Kuanzia kesho yake sikumpata tena. Alimleta fundi kutoka kwenye makazi, Mrundi mmoja mvumilivu, wakalifungua lile gari vipande vipande chini ya jua. Mama alimwambia aende kwa ndugu zake. Akajibu kwamba ataenda akimaliza gari. Mimi nilimwambia kwa mdomo wangu, nimepiga magoti kwenye vumbi la oili: "Baba, nakuomba, nenda kaombe ng'ombe." Akanitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. Akaniomba nimpe spana iliyokuwa karibu na goti langu.

Nikampa. Ungefanya nini?

Waliipachika pampu viraka. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika, na wa kununua haukuwepo, kwa hiyo baba akachinja kimoja cha vile vindama na kukata mkanda kwenye ngozi yake, akaushona mwenyewe kwa kamba ya kiatu. Nyama tulikula. Mimi niliitafuna nikijua ninachotafuna.

Siku waliyolisukuma, kijiji kizima kilikuja. Wanaume wakainama nyuma, baba ndani anapiga kelele, likakohoa, likatoa moshi mweusi, likawaka. Watu walishangilia, akina mama wakapiga vigelegele. Baba alitoa kichwa dirishani na uso wake ulikuwa wa kijana. Sijawahi kumwona na furaha kama ile, si siku ya harusi yangu, si siku yoyote, na nilimchukia kwa moyo wangu wote.

"Panda, mayu!" akaniita. "Twende Litapunga, wakaone!"

Nilidhani, kwa muda mfupi wa kijinga, kwamba anakwenda kuwalazimisha walipokee. Kwamba gari likionekana linatembea, wazee watakubali, nami nitarudi naye. Mama hakudhani hivyo. Alikwisha kunifungia kanga zangu kwenye kifurushi na kukiweka mapajani pangu, akafunga mlango wa gari bila kunitazama usoni.

Njia nzima baba aliongea. Alinionyesha jinsi gia inavyoingia. Alipiga honi kwa kila mwenye baiskeli na kila mwenye kundi la mbuzi. Aliniambia nisikilize injini, nisikilize jinsi inavyovuta mlima, na kwamba Wajapani hawawezi kutengeneza kitu kama hiki. Mimi nilimwambia mara moja tu kwamba yule mume wangu ataniua. Nafikiri hakusikia kwa sababu ya mlio. Nafikiri hivyo mpaka leo kwa sababu kufikiri vinginevyo kunanishinda.

Tuliingia uwanjani kwa wakwe zangu tukitimua vumbi na kuku. Mume wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni. Yule mzee hakuwepo, alikuwa amekwenda mnadani, hakukuwa na mtu wa kuonyeshwa wala wa kuzungumza naye. Baba alipiga honi mara kadhaa, akangoja, akaona hakuna anayekuja kushangaa. Mguu wake ulikuwa umekanyaga mafuta muda wote ili injini isilale.

"Shuka upesi, mayu," akaniambia. "Ikizimika hapa hakuna wa kunisukuma. Watanicheka."

Nikashuka na kifurushi changu. Baba aliligeuza gari palepale uwanjani, akanipungia mkono, akaondoka. Mume wangu alibaki ameketi akisikiliza, na mlio ulipokwisha kabisa upande wa Kasokola, ndipo aliponyanyuka.