Picha ya Pili

Kamera yangu si ya mabingwa wa kupiga picha, wala si ya mtu anayejifunza. Ni ya mtu aliyekwisha kunogewa: ina vidude viwili vya kuzungusha, kimoja cha mwanga na kingine cha kasi, na ndani kuna kioo kinachoniletea jichoni kitu chenyewe, siyo sura yake kwenye skrini. Ni mtumba, pembe zimechubuka, na naipenda bila aibu. Simu hupiga picha bila mtu kushtuka. Hii ikipiga, kioo kinaruka na kila aliyepo anasikia: kacha!

Mlio huo ndio unaonilisha hapa mjini Mpanda, kwenye studio yangu ya picha. Kwa watu wetu picha ni jambo zito. Wanakaza shingo, wanaweka mikono magotini, wanabana pumzi mpaka wausikie mlio. Ukishasikika wanapumua, na sura zao zinarudi. Kwa hiyo huiachia kamera ipige mfululizo. Picha ya kwanza ni heshima. Ya pili ndiyo mtu mwenyewe.

Juzijuzi mama alinipigia simu, akaniita kwake kijijini Mwese. Ana ugonjwa wa moyo, na kwenye msiba wa jirani aliona jambo lililomuudhi: picha juu ya jeneza ilikuzwa kutoka kwenye simu, uso wote ukavurugika.

"Nyie watoto mtanizika nikiwa ukungu," alisema. "Njoo unipige ya msiba."

Nililichukia ombi lile. Lakini mama akisema, amesema. Nikaifunga kamera kifuani kwa kitenge, nikapanda bodaboda, vumbi na milima mpaka kwake.

Alikaa mlangoni na gauni la kanisani, mkali kama siku za kupokea ripoti zetu za shule. Kacha! Akashusha pumzi.

"Haya, sasa hata nikifa sawa," akasema, akacheka mwenyewe, pengo lote nje. Kamera ilikuwa bado inapiga.

Nilimwonyesha zote mbili kwenye skrini ya nyuma, nikavuta karibu: kila mkunjo upo, kila unywele mweupe. Niliona fahari. Nikamwomba tutumie ile ya kucheka.

Aliitazama sana.

"Hapana, mwanangu. Huyu mkali ndiye akapokee wageni msibani. Huyu anayecheka ni wako. Mtundike sasa hivi, nikija mjini nimkute."

Nimemtundika studio, mtaani Kashaulili, mkabala na mlango. Bodaboda ikisimama nje, naacha kazi nitazame kama ni yeye.