Wingu la Siku ya Skafu

Mwaka ule ambao hata sabuni ilikuwa hadithi, Dafroza wa Bukima alikuwa na hamu moja tu: kuvishwa skafu ya chama cha akina mama kanisani. Skafu zenyewe zilishonwa kwa mifuko ya unga wa msaada, na maandishi yaligoma kutoka. Lakini ukishavaa, unakaa benchi la mbele.

Padre alikuja kwa baiskeli kutoka Nyegina, petroli hakuna. Ukikosa kuvishwa leo, nani ajue atarudi lini?

Katikati ya mahubiri, Dafroza aliona dirishani wingu jeusi likitoka ziwani. Dagaa wake alikuwa ameshawaanua. Wa Fatu, mama Shani, jirani yake Mwislamu, walikuwa bado mchangani. Mwenyewe yuko Bunda anauguza mama yake. Akainuka.

Marcelina, mwenyekiti wa chama, rozari mkononi, macho kafumba, akamdaka khanga.

"Unaendaga wapi na Padre anahubiri?"

"Mvua, mama. Dagaa wa mama Shani."

"Hata Kanisa letu hajui lilipo! Ukitoka, skafu usahau."

Dafroza akaitazama skafu yake pale mezani, imekunjwa vizuri. "Dagaa hawajuagi Jumapili, mama." Akatoka mbio, viatu mkononi.

Alipomaliza kuwakusanya wa Fatu, akaona wengine pembeni. Wa Marcelina! Akasimama kidogo, mikono kiunoni. Halafu akacheka peke yake, akawazoa nao.

Misa ilipoisha, Marcelina alikuja akiteleza kwenye matope, skafu imelowa, imemwangukia masikioni. Akamkuta Dafroza amekalia turubai kama kuku anayeatamia.

"Wangu wamekwisha, eeh?"

"Nimewakalia hapa, mama."

"Ulijua ni wangu?"

"Nilijua. Nilisimama kwanza, nisikudanganye."

Marcelina akaangua kicheko mpaka akashika mbavu. Kisha akamshika mkono. "Inuka. Padre bado yupo, tope limekamata baiskeli."

"Nanuka mimi!"

"Twende hivyo hivyo. Mimi nilifumba macho tu pale, roho yote ilikuwa huku kwenye dagaa."

Dafroza akavishwa skafu barazani, magamba mikononi, mvua ikipiga bati. Padre akamaliza sala, akavuta harufu ya dagaa puani, akauliza kwa upole kama mchana huo kuna mtu anapika ugali.