Walinzi wa Mama Uhakika

Mama mkwe wangu haamini mtu. Sisemi kwa ubaya, hata mtaani wanamwita Mama Uhakika, kwa sababu ukimwambia mvua inanyesha atakuuliza, "Una uhakika?" kisha atatoka mwenyewe akanyooshe mkono. Chumvi ya pakiti huionja kwanza ndipo aitie chunguni.

Tunafanya kazi pamoja kwenye duka lake la kuchapa barua na kutoa nakala: chumba kimoja, kompyuta moja, printa moja na feni inayogeuza shingo upande mmoja tu, upande wa mama mkwe. Niliacha kazi yangu ya zamani kwa sababu mume wangu, ambaye ni mwanawe wa pekee, aliniapia kwamba tutaelewana. Wanaume hawa!

Basi siku moja programu ya mipangilio ya kompyuta, ile wanayoiita settings, ikagoma. Ukiibonyeza inachungulia, inajifunga. Ukirudia, inachungulia, inajifunga. Kuchapa kulikuwa kunaendelea, printa inatema karatasi, mimi sikuona tatizo. Lakini mama mkwe aliivalia njuga. Wateja wakipungua tu anaibonyeza, na kila ikijifunga ananitupia jicho.

"Jana aliyeizima nani?"

"Mimi, mama."

"Ilikuwa nzima?"

"Nzima kabisa."

"Una uhakika?"

Mimi nami si malaika. Nilianza kujiuliza huyu mama anatafuta nini huko ndani. Kazi zetu hazihitaji mipangilio kila siku. Nijuavyo mimi, huko ndiko mtu anakoweka neno la siri. Nikajipa jibu: anataka kuifunga kompyuta nisiiguse, kisha anitoe taratibu, nirudi nyumbani kukunja nguo. Hata mwenendo wake ulikuwa umebadilika. Barua za wateja alikuwa ananisukumia. "Hebu nisomee hii kwa sauti, nione kama mwandiko wa watu unaujua." Mtihani kila siku, utadhani mimi ni mtoto wa darasa la kwanza! Nikashikilia kwamba ananitafutia kosa.

Siku moja akanipasulia. "Namwita fundi. Akisema huu ni mkono wa mtu, basi mtu mwenyewe ni wewe, na wiki ijayo usije."

Niliendelea kupanga karatasi, hasira zimenijaa. Nyumbani nilimweleza mume wangu. Akasema tutaelewana. Kidogo nimrushie mto.

Fundi alikuja, mtu mmoja mpole wanayemwita Taratibu, kwa kuwa hasemi neno kabla ya kulifikiria. Akaibonyeza, ikachungulia, ikajifunga. Akaizima kompyuta, akaiwasha, mambo yale yale. Akasasisha alichoweza kusasisha, wapi! Mama mkwe alisimama nyuma ya fundi, mimi nikasimama nyuma ya mama mkwe, hakuna anayempa mwenzake mwanya.

Mwishowe Taratibu akauliza, "Mama, humu kuna programu ngapi za ulinzi?"

Mama mkwe akakohoa. "Tatu."

"Tatu?"

"Moja ya kuzuia virusi. Ya pili, hiyo ya kwanza ikizembea. Ya tatu..." Akanitazama. "Ya kuziangalia hizo mbili."

Fundi akacheka mpaka akashika meza. "Hizi zinashikana mashati, mama. Mipangilio ikitaka kufunguka, zinadhani ni mwizi, zinaizima. Nani aliziweka?"

"Mimi," akajibu, kwa sauti ya chini sana.

"Kumbe mkono wa mtu ulikuwepo," nikasema, na haikuwa sauti ya adabu.

Taratibu akaondoa mbili, akaiwasha kompyuta upya, na mipangilio ikafunguka, ikatulia. Simu yake ikalia, akatoka nje kuipokea. Mama mkwe akakikalia kiti upesi. Nami nikanyata nyuma yake, nimkamate na hilo neno lake la siri.

Pua yake ilikaribia kugusa kioo. Kidole kilikuwa kinateremka mstari baada ya mstari. "Maandishi," alikuwa ananong'ona, "kukuza maandishi, iko wapi?" Kidole kikapita juu ya maneno hayo hayo, "Ukubwa wa maandishi", kikashuka, kikapanda, kikayapita tena. Ili ayakuze, ilibidi kwanza ayasome yakiwa madogo, na alikuwa hawezi.

Kumbe zile barua hazikuwa mtihani. Na nilijua mara moja kwa nini alificha: mchapaji akishindwa kuona, duka linabaki kwa mkwe. Alikuwa anaogopa kutolewa, kama nilivyokuwa naogopa mimi. Niliona aibu, na nilimhurumia mama huyu aliyeninyima usingizi.

Fundi akarudi. "Kuna kingine?"

"Hakuna," mama mkwe akasema haraka, akaondoa kidole.

"Kipo," nikasema. "Nikuzie maandishi, fundi. Macho yangu siku hizi yananisumbua."

Taratibu akabonyeza hapa na pale, herufi zikanenepa. Mama mkwe akazitazama. Midomo yake ikaanza kucheza, anasoma kimyakimya, anateremka mpaka chini bila kukwama. Kisha akanigeukia, uso umejaa shaka.

"Macho? Tangu lini?"

"Siku nyingi, mama."

"Na ukanificha?"

"Niliogopa utanitoa kazini."

"Mjinga wewe! Mtu hatolewi kazini kwa sababu ya macho."

Nilimtazama tu. Akaangalia kompyuta, akaniangalia mimi. Kisha akavuta kiti cha wateja, akakisogeza mpaka kikagusana na chake.

"Kaa," akasema. "Kesho tunakwenda kupimwa macho. Wote wawili."