Mpolandi Aliyezikwa Chini ya Kamba ya Nguo

Miaka ile ya tisini nilikuwa mwalimu wa nasari pale Kianda, ndani ya Kibera, na kwa kuwa Kiingereza changu kilisikika hadi barabarani, kila mzungu aliyepotea huko aliletwa kwangu kama mbuzi aliyeokotwa. Wengi walitaka kupiga picha mtaro. Huyu alikuwa mama mzee, miguu imevimba, kinasa sauti kinaning'inia begani. Akaniambia anaandika historia ya mtaa wa Wapolandi.

"Mtaa upi?" nikamuuliza.

"Wa Kawangware."

Nilicheka, tena bila haya. Akaningoja nimalize, kisha akanieleza. Wakati wa vita vikuu, Wapolandi waliofukuzwa kwao walizungushwa duniani mpaka wengine wakafika Nairobi, na familia chache zikawekwa kwenye vibanda upande wa Kawangware. Yeye alikuwa mtoto. Mama yake aliugua, akafa, akazikwa hukohuko, kisha watoto wakapakiwa tena na kupelekwa Ulaya. Hiyo historia ya mtaa ilikuwa ya kuwaridhisha waliomlipia nauli. Yeye mwenyewe alitaka kitu kimoja: kusimama mahali alipolala mama yake, kabla miguu haijamgomea kabisa.

Basi tukaenda Kawangware. Kama watu wangekuwa wamesahau, kazi ingekuwa rahisi. Tatizo ni kwamba kila mtu alikumbuka. Kinyozi ambaye ni mdogo kwangu aliwakumbuka Wapolandi vizuri sana, watu wapole. Mzee mmoja alisema walikuwa hodari wa kujenga barabara na kuimba, tukamrekodi mpaka kanda ikakaribia kwisha, ndipo ikabainika anazungumza juu ya mateka wa Kiitaliano, tena wa kule Bonde la Ufa. Mwingine alituonyesha mfereji wa maji akaapa waliuweka wao. Rangi yake ilikuwa bado mbichi. Mama yule alirekodi yote na kushukuru kwa yote. Mimi nilikuwa natafuta mtu wa kupiga kofi.

Mwishowe muuza mboga mmoja, mzaliwa wa pale, akatupeleka nyuma ya bucha. Misalaba ilikuwa ya mbao, akasema, na mbao haikai Kawangware, ilishaenda kuni zamani. Sasa palikuwa na ploti: safu mbili za vyumba vya mabati zinazotazamana, kamba ya nguo katikati. Makaburi yalikuwa humu, ila chini ya chumba kipi hakujua.

Hapo wapangaji wakatoka. Kila mmoja akaapa kwamba mama wa mzungu hayuko chini ya chumba chake. "Kwangu hayuko, mimi nalala fiti," alisema mmoja. Mwingine akamshuku jirani, maana mtoto wake hulia ovyo. Hata hivyo walimkaribisha chai, chumba baada ya chumba, kwa hofu na adabu kwa pamoja, naye akanywa kila kikombe akitazama sakafu. Nilitamani ardhi inimeze, ila pale naona tayari ilikuwa imejaa.

Jumapili nikausimulia mkasa huo kwenye mkutano wa chama chetu cha matanga. Sisi watu wa ziwani na wa magharibi tulikuwa tumepanga Nairobi, hatukuwa wa Nairobi, na chama kilikuwa na kazi moja: kuhakikisha hakuna anayezikwa huku. Nilitaka kuwachekesha tu. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti, seremala Mjaluo ambaye hata meza zake zilifanana na majeneza, alijishika kichwa.

"Mtu amefia Nairobi na hajapelekwa kwao? Mpaka leo?"

Papo hapo ikaundwa kamati ya kumsafirisha Mpolandi. Kwa kuwa maiti haikupatikana, mwenyekiti akasema tufanye kama Wajaluo wanavyomfanyia aliyepotea: lizikwe tunda la mwegea, lile refu na zito, wanaloliita yago. Makamu wake, mama Mluhya mwenye sauti ya kuzima redio, akasema hapana, kinachozikwa ni mgomba, nani asiyejua. Wakagombana hadi giza likaingia, juu ya marehemu ambaye hakuwa Mjaluo wala Mluhya. Ikaamuliwa kwanza aitwe mwanawe.

Walimpa kiti pekee chenye mgongo. "Pole sana, mama," mwenyekiti akaanza. "Sasa tuambie, kwenu ni wapi, ndio tujue tunampeleka wapi?"

Nikatafsiri. Akasema kijiji chao hakiko tena Poland. Baada ya vita mpaka ulisogezwa, sasa ni nchi nyingine, na nyumba yao ina watu wengine.

"Kijiji kilihama?" makamu akauliza.

"Hapana. Kiko palepale."

"Kwa hivyo kijiji kilibaki, ni nchi ndiyo ilitoka?"

"Ndiyo."

"Wah," makamu akasema. "Hiyo ni noma."

Shida zote za kusafirisha maiti tulizijua: basi kuharibika, wajomba kukataa, daraja kusombwa. Hii ilikuwa mpya. Nilimhurumia yule mama, nikamchukia yeyote aliyekaa mezani akausogeza mpaka ule.

Mwenyekiti ndiye aliyekata shauri: kama hana pa kupelekwa, atazikwa alipofia. Yago likaletwa kutoka ziwani. Miaka yote tulikuwa tukiwapakia wafu wetu Nairobi kwenda magharibi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza basi kutuletea mfu mjini, amefungwa ndani ya gunia, amekalia furushi la omena, dagaa wa kwetu.

Wapangaji wa Kawangware walikubali upesi. Afadhali ajulikane aliko, walisema, kila mtu alale. Mwenye ploti alitaka tu ahakikishiwe kwamba hawatakuja wengine.

Tukachimba kati ya zile safu mbili, chini ya kamba, tukiinama kukwepa shuka za watu. Makamu, ambaye hakuwa amekubali kushindwa, akapanda chipukizi la mgomba juu yake. Mama yule alitupa udongo na kulia kwa sauti, wanawake wa ploti wakalia naye, nami nikalia. Kisha, kama ilivyo desturi yetu, mwenyekiti akamwita msemaji wa ukoo, ambaye alikuwa yeye peke yake. Mama yule akakizima kinasa sauti. Akatafuta Kiswahili chake cha utotoni, akapata kidogo.

"Mama amefika nyumbani," akasema.

Tulirudi kwa miguu, mimi na mwenyekiti. Kwa kawaida baada ya mazishi alikuwa mtu wa kukosoa jeneza. Siku hiyo alinisimulia habari za wanawe mpaka tukakaribia Ayany, ukingoni mwa Kibera. Watoto wake wote walizaliwa Kianda. Kijaluo chao kilitosha kuomba chakula tu, na kila walipopelekwa ziwani waliuliza watarudi lini nyumbani.

"Mwalimu," akasema, "pale kando ya mgomba, kuna nafasi ya mtu mwingine?"

Nikamwambia kuna kamba ya nguo.

"Kamba inasongeshwa," akasema.