Kupe Mwenye Nguvu na Mnong'ono wa Mama

Harufu ya utomvu wa mipaini ukiungua hunirudisha nyumbani upesi kuliko picha yoyote. Baba yangu aliukwangua msituni, juu kule kwetu milimani Upareni, upande wa Bombo, akauanika mpaka ukawa mgumu. Alipotaka kuunga waya za redio aliuyeyusha kwanza huo utomvu kwa ncha ya chuma kilichopashwa kwenye makaa, ndipo risasi ya kuungia ikakubali kushika. Moshi wake ulikuwa mtamu na mkali, ukaingia kwenye mablanketi, kwenye nywele zetu, mpaka kwenye makande. Mama aliulalamikia kila jioni kwa sauti ambayo jirani wa ng'ambo ya korongo aliisikia, na mara nyingine akamjibu. Msimu ninaousimulia, malalamiko hayo yalikatika, na nyumba ikabaki na moshi mtupu.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, kila mtu mzima akitakiwa ajue kusoma na kuandika. Mama alifundisha darasa la watu wazima katika ghala la kahawa, wanawake pekee, wengi wao wakiwa wametoka moja kwa moja shambani na matope miguuni. Nisiseme uongo: darasa lile alilipenda kuliko alivyotupenda sisi wanawe, au ndivyo nilivyoona kwa wivu wangu. Kisha shingo ikamvimba. Akapelekwa hospitali ya Moshi, akapasuliwa, akarudi amefungwa kitambaa na amri ya kutosema neno lolote mpaka kidonda kipone. Alikuwa akituandikia kwa chaki kwenye kibao kidogo. Afisa wa elimu alipanda kutoka Same kumjulia hali. Hakuwa mtu mbaya, lakini alisema wazi kwamba mwalimu asiyesikika hawezi kuachiwa darasa. Siku ile ya kwanza Mama atakapofungua kinywa, yeye atakuja akae benchi la mwisho. Asipomsikia kutoka hapo, kuna kijana wa tambarare anasubiri kazi. Mama aliitikia kwa kichwa, akaandika kwenye kibao, "Karibu," akaenda kulala mchana, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Baba, Mungu amrehemu, alikuwa mbishi. Akasema atamjengea Mama mtambo wa kukuza sauti. Tulishuka Same kwa lori la kahawa, mimi nikiwa nimepakata spika ya redio mbovu, jua la huko chini likitupiga usoni tukajiona tumeingia tanuri. Karibu na stesheni alikaa Fundi Matola, Mmakonde aliyekuja zamani kukata mkonge, akauchoka, akageukia redio. Kutoka kwenye kopo la maziwa alimimina mezani vidude viwili vyeusi, kila kimoja na miguu minane. Nikasema vinafanana na kupe. Matola akacheka mpaka akakohoa, na tangu hapo vikaitwa kupe.

Alitueleza taratibu. Kupe peke yake hawezi kuisukuma spika. Kazi yake ni kuichukua sauti ndogo, kuiongeza, kisha kuzipa transista mbili za nje, na hizo ndizo zenye misuli. Kupe wa kwanza alitoka kwenye chombo cha kupimia cha kiwanda cha mkonge, wa pili kwenye redio ya kaseti iliyovunjika.

"Huyu wa kiwandani ana nguvu, lakini naye anapumua," Matola alisema. "Utamsikia. Huyu wa kaseti nguvu zake za kawaida, ila ametulia. Mgonjwa wako sauti yake ikoje?"

"Bado hajaruhusiwa kusema."

"Basi, mzee mwenzangu, ungesubiri umsikie kwanza."

Kusubiri nako kungetaka lori jingine, na lori halikupatikana kila ukilitaka. Baba akamchukua mwenye nguvu.

Njia nzima ya kurudi alinieleza kwa nini. Kwetu Upareni kijito kikiwa kidogo hatukiachi kipotee njiani. Tunakikinga kwenye ndiva, bwawa la udongo na mawe, maji yanajikusanya usiku kucha, asubuhi tunafungua, yanashuka kwa nguvu mpaka shamba la mwisho. Sauti ya Mama ni kijito, alisema, na mtambo ni ndiva, basi tunataka mlango mpana kuliko yote. Nilimwona Baba ana akili kuliko watu wote wa Same. Alichosahau, na mtu wa kwetu ndiye hasa wa kukisahau kwa kuwa amekizoea, ni kwamba kwenye ndiva maji hulala, na yakilala tope linashuka chini. Sauti hailali popote. Inapita na tope lake lote.

Mtambo ulipokamilika Baba aliuweka mlangoni, akaunga betri alizokuwa amezianika juani ili zipate uhai kidogo, akashika maikrofoni. Kabla hajasema, spika ilitoa mlio, ssss, kama mafuta yakichemka. Kisha akasalimu, na salamu yake ikavuka korongo. Watoto walishangilia. Mama alitoka jikoni na kibao chake: "Huo mlio ni wa nini?"

"Ni wa nguvu hiyo, Mama Nakijwa," Baba akamjibu. "Ukisema tu, unafunikwa." Na kweli ulifunikwa, kwa sauti yake yeye. Akazima upesi kulinda betri.

Siku ikafika. Ghala lilijaa, na wanawake wengine walivaa kanga za kanisani. Afisa alikaa benchi la mwisho kama alivyoahidi. Mama akafungua kitambaa shingoni, akashika maikrofoni, akaandika ubaoni neno la kwanza, *shamba*, akafungua kinywa kulisoma. Midomo ilicheza. Kutoka kwenye spika tulisikia ssss. Baba akaongeza. Ssss ikawa kubwa. Mama akarudia, mishipa ya shingo imemsimama, na ndipo nilipoelewa kitu ambacho hata sasa kinaniuma: hakikubaki kijito. Ilibaki pumzi tu, na pumzi ya Mama na pumzi ya kupe zilikuwa za namna moja. Hakuna sikio ambalo lingeweza kuzitenganisha. Wanawake, ambao walizoea kuitikia kwa pamoja, walikaa wakimtazama, wakingoja neno waliitikie.

Bibi Nanzia, mkubwa wao kwa umri, akasimama. "Mwalimu, zima hilo dude, sisi tutakusogelea."

Baba akazima. Wakasogea, wakabanana mbele mpaka wengine wakaketi sakafuni, na waliokuwa karibu wakaitikia, "Shamba." Walikuwa wachache. Afisa hakutoka kwenye benchi lake. Alingoja kwa muda mrefu kuliko alivyolazimika, kisha akaja mbele, akasema, "Shikamoo, mwalimu," ingawa hawakupishana sana umri, na wote tukajua limekwisha.

Baba alishuka tena Same kumtafuta kupe mtulivu. Matola alikuwa ameshamtia kwenye redio ya mtu wa Ndungu. Kijana wa tambarare akaanza kufundisha, na alifundisha vizuri, wala sina neno naye. Mama aliishi miaka mingi akinong'ona. Hakuingia tena ghalani, hata kupima kahawa alimtuma mtu. Mtambo Baba aliufunika kwa gunia, na utomvu wa mipaini hakuuchoma tena ndani ya nyumba. Mama angeweza kupumua vizuri sasa, na hakuna aliyemsikia akisema hivyo.

Mimi nimezeeka na kazi ya vyombo vya sauti, makanisani na kwenye kumbi za harusi. Kupe watulivu siku hizi wamejaa madukani, unachagua kama unavyochagua maharage. Juzi niliunga mmoja na transista zake mbili, nikafungua sauti mpaka mwisho, nikaweka sikio kwenye spika. Kimya. Nikashika maikrofoni, nikanong'ona, "Shamba." Lilitoka safi, lote, na mtu wa benchi la mwisho angelisikia.