Nguzo Zilizosemwa Zimepakwa

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, ofisi ya kupanga kazi. Wajibu wangu ulikuwa kuhakikisha nyuzi hazifiki kwa wafumaji kabla hazijapakwa wanga, na kitambaa hakifiki kwa wapiga rangi kabla hakijafuliwa. Ukikosea mpangilio, chumba kizima kinasimama. Watu wanakaa wanapiga soga, na msimamizi anakutafuta wewe.

Basi tulipopata viwanja Temeke, sie majirani wanne tukakubaliana kujengeana kwa ujima, nyumba moja baada ya nyingine. Wenzangu wakasema nipange mie, maana ndiyo kazi yangu.

Niliwaeleza barazani kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Kila kazi ina inayoitangulia. Nguzo hazisimikwi kabla hazijapakwa oili chafu, kwa sababu ardhi ile ilikuwa na mchwa wengi mno. Fito hazifungwi kabla nguzo hazijasimama. Udongo haukandikwi kabla paa halijaezekwa. Na wakati kuta za nyumba moja zinakauka, sie tunahamia kwa mwenzetu anayefuata. Kwa kuwa tulikuwa na zamu tofauti kazini, siku nyingine hatukuonana kabisa. Nikaleta mabaki ya vitambaa kutoka kiwandani, vya kufunga kwenye mti wa kila kiwanja. Chekundu, kazi bado, usiguse. Cheupe, imekwisha, anayefuata aanze. Mwenye kazi ndiye anayekibadilisha.

Kazi ya oili alipewa rafiki yangu, aliyekuwa fundi makenika kwenye gereji moja ya mjini. Tulikuja Dar pamoja kutoka Kusini, tukapanga chumba kimoja Kinondoni kabla sijaoa, na siku ya harusi yangu ndiye aliyenisindikiza. Mke wangu alimwita shemeji, na alikuwa na kiti chake kwetu.

Nyumba yangu niliiweka ya mwisho, mtu asije akasema mpangaji amejipendelea. Nyumba ya rafiki yangu ilikuwa ya kwanza. Kazi ilikwenda vizuri kiasi kwamba watu wa mtaa wa pili walikuja kuangalia vile vitambaa.

Ilipofika zamu yangu, mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Nilitoka kiwandani nikakuta kitambaa cheupe kimefungwa na nguzo zimelazwa kando ya mashimo. Zilikuwa na rangi ya mti mkavu tu. Nikamuuliza rafiki yangu mbona si nyeusi kama zake.

"Safari hii nimechanganya na dizeli, ndugu yangu," akasema. "Inazama ndani ya mti. Juu huioni."

Yeye ndiye makenika. Tukasimika.

Misimu kadhaa ya mvua ikapita. Siku moja mke wangu alikuwa anataka kutundika ungo ukutani, akaugusisha msumari kwenye nguzo, ukazama wenyewe bila kugongwa. Akaniita. Nilibandua udongo kidogo, nikaingiza kidole. Nguzo ilikuwa ganda tupu, ndani vumbi na mchwa. Nikabandua ya pili na ya tatu. Jirani yetu mpakuzi wa shehena bandarini, mmoja wa wale wanne, akaja, akakwaruza kipande kwa kisu na kukinusa.

"Hii haikupakwa kitu," akasema.

Tukaenda kwake mpakuzi kuziangalia nguzo za nyumba yake. Zilikuwa nzima, nyeusi mpaka ndani.

Nilimkuta rafiki yangu barazani kwake. Akamwita mkewe alete chai.

"Chai baadaye," nikamwambia. "Nguzo zangu ulizipaka?"

Akatazama chini. "Oili ilikwisha. Mkuu wangu wa gereji alikuwa anajenga Mbezi, akaniambia nimpelekee pipa lote. Ningemkataliaje? Na nyie mmeshachimba mashimo, mvua hiyo inakuja, kila mtu ananisubiri mie."

"Ungeacha kitambaa chekundu."

"Ningekiacha, mngeniuliza barazani mbele ya watu oili imekwenda wapi."

"Na dizeli?"

"Ile nilisema tu."

Mengine yote ningeweza kuyameza. Mkuu wa kazi akikuagiza, kukataa ni kazi, hilo nalijua. Lakini *ile nilisema tu* ilinikata. Miaka yote hiyo alikuwa anakuja kwangu Jumapili, anakula, anaegemea ukuta ule ule, wanangu wanamrukia mgongoni, na anajua ndani ya ukuta mna nini.

Majirani walikuja kunijengea upya. Naye alikuja, na debe la oili, akapaka kila nguzo mbele yetu bila kuambiwa. Sikumfukuza. Sikumsemesha pia. Mchana mke wangu alimpa maji, wala hakumwita shemeji.

Kiwandani, ambako nako tulikuwa tumeanza kutumia vile vitambaa, nilibadilisha mpangilio wangu. Anayemaliza kazi si yeye tena anayetangaza kwamba imekwisha, ila yule anayeipokea, baada ya kuikagua kwa mikono yake. Nikaongeza na rangi ya njano kwa aliyekwama, na agizo kwamba mwenye njano asiulizwe mbele ya wenzake. Msimamizi alinisifu sana. Nilimjibu asante, nikarudi mezani kwangu nikiwa sina furaha yoyote.

Rafiki yangu alihama baadaye. Tuliendelea kusalimiana msikitini tukikutana, lakini sikumpelekea mwaliko binti yangu alipoolewa. Alikuja hata hivyo, akakaa nyuma kabisa karibu na wapishi, nywele zote nyeupe, mkongojo pembeni. Mke wangu alimpelekea sahani ya pilau. Mie nilimpa mkono, nikamuuliza miguu inaendeleaje, akasema afadhali. Kisha nikaenda kwa wageni wengine.