Kiondo cha Mgeni Hakirudi Kitupu

Aibu yenyewe soko lote la Mukuyuni wanaijua, hata yule mama anayeuza nyanya karibu na stendi akiniona ananiita Mgeni wa Chapati, kwa hivyo heri niwasimulie mimi mwenyewe kabla hamjaipata kwa watu ikiwa imeongezwa chumvi. (Ingawa kusema kweli, haihitaji chumvi.)

Mimi naitwa Ndanu, msichana wa Migwani kule Kitui, na tumbo langu limenitesa tangu nikiwa sekondari. Nikila linafura, nikilala linanguruma, damu inapungua kila mwaka, nguo zinanilegea mwili wote isipokuwa hapo tumboni. Nimetibiwa taifodi ambayo sikuwa nayo, amiba, vidonda vya tumbo, minyoo, kanisani nimewekewa mikono mara nyingi mpaka nikawa namtambua kila mzee kwa uzito wa mkono wake, na jirani mmoja alimuuliza mama yangu harusi ni lini, maana anaona tumbo limetangulia. Mwishowe daktari mmoja akanituma Nairobi, nikatolewa damu, nikamezeshwa kamera, nikaambiwa nina kitu kinaitwa siliaki. Maana yake ni kwamba ngano ikiingia, mwili wangu unaamka kupigana nayo, na anayeumia kwenye hiyo vita ni utumbo wangu mwenyewe. Dawa haipo. Dawa ni kuacha ngano, shayiri na jamaa zao, maisha yote, hata tonge.

Mimi nilidhani shida ni ugonjwa. Shida ni kueleza watu. "Hata nusu?" "Na ukila ya brown?" Mke wa pasta aliniambia kwa upole kabisa kwamba mandazi si mkate, kwa hivyo nichukue tu. Mama yangu mzazi alisema ngano iko kwenye Biblia na haiwezi kudhuru mtu aliyeokoka, halafu akanishikisha kipande cha keki. Unaeleza asubuhi, unaeleza mchana, na jioni yule uliyemweleza asubuhi anakuja na mkate amekununulia kwa mapenzi. Nilikuwa nimechoka, jamani. Ndiyo maana hiyo siku ya Mukuyuni niliomba mtu mwingine anielezee, na hapo ndipo nilipokosea.

Huyo mtu ni Mutuku, mchumba wangu. Mwanamume mzuri, mpole, lakini ukimtuma maneno yanafika yakiwa nusu. Tulikuwa tunajiandaa kwa ntheo, ile siku upande wa kijana wanapoleta mbuzi kwa wazazi wa msichana na mambo yanakuwa rasmi, ila mama yake alisema kwanza anataka kuniona kwa macho yake, nije nile kwake Mukuyuni. Baba yake alishafariki, Mutuku ndiye mwana wake wa pekee, na kila mtu alijua kwamba mama akikataa, hao mbuzi hawatoki zizini. Nikamwambia Mutuku, tafadhali, mweleze mama mapema mimi na ngano. Akasema nimemweleza. Nikauliza umemweleza vizuri? Akasema vizuri kabisa.

Basi nikaenda na kiondo changu cha mkonge, kile kizuri, nimekijaza sukari, majani ya chai, mchele na mafuta ya kupika. Mama alinipokea vizuri, akatoa vitu, akakirudisha kiondo pembeni ya kiti changu akisema nikiondoka atakijaza ndengu, maana kiondo cha mgeni hakirudi kitupu. (Haya maneno niliyasikia kwa masikio yangu yote mawili. Nataka mkumbuke hivyo, kwa sababu mimi mwenyewe sikukumbuka.)

Tulikuwa wanawake peke yetu sebuleni: mimi, mama, Shangazi Kaluki, yaani dada ya marehemu baba yake Mutuku, na wamama wawili wa kanisa. Wanaume walikuwa nje zizini wakiangalia mbuzi. Mama akaleta kuku, halafu akaleta sinia limefunikwa kitambaa cheupe, akakifunua, na mimi nikaona chapati, nene, zenye kung'aa mafuta, zimepangwa mpaka karibu na kidevu chake.

"Mutuku aliniambia wewe na mkate hamsikizani," akasema, na furaha imemjaa usoni. "Nikasema hata mimi huo mkate wa duka sina haja nao. Nimeamka na giza nikakusukumia chapati."

Mkate. Katika ngano yote ya dunia, Mutuku alikuwa amekumbuka mkate. Nikamtafuta kwa dirisha, nikamwona anacheka na wajomba zake, ameshika mbuzi masikio, hana habari. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba kutoka jikoni nilikuwa nasikia harufu ya muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, yamepikwa na mbaazi, chakula ambacho tumbo langu linakipenda na chenyewe kinalipenda, lakini hicho kilikuwa cha watu wa nyumbani. Mgeni wa maana hapewi muthokoi.

Nilifungua mdomo niseme. Naapa nilifungua. "Mama, mimi..." na Shangazi Kaluki akanikatiza.

"Kwani watu wa Kitui siku hizi mnachagua chakula? Mimi nilijua huko mnangojanga mvua tu."

Wakacheka, na mimi kwa ujinga nikacheka nao, na ile sentensi ikanirudi kooni. Mama akaniwekea chapati mbili kwa sahani. Mama mmoja wa kanisa akasema tufumbe macho tuombee chakula, na huyo mama ni mmoja wa wale wanaoanzia Mwanzo kabla hawajafika kwa kuku. Nikaona hiyo ndiyo nafasi. Macho yote yamefumbwa, kiondo kiko miguuni, nikazikunja zile chapati nikaziteremsha polepole, huku nikimwomba Mungu msamaha, maana tayari alikuwa kwenye laini.

Sasa sikilizeni akili yangu ilivyo fupi. Amina ilipotoka watu wakafumbua macho, na sahani yangu ilikuwa tupu. Hakuna aliyekuwa ameanza kula. Shangazi Kaluki aliangalia sahani, akaniangalia mimi, akaangalia sahani tena.

"Amemaliza kwa maombi," akasema.

"Mwacheni mtoto, ametoka mbali," mama akasema, na badala ya kukasirika alifurahi kabisa, mpishi gani hafurahi, akaniongeza mbili. Hizo nilizificha walipogeukia picha ya harusi yake ukutani ambayo mimi mwenyewe niliwauliza habari zake. Akaniongeza nyingine. Kila nilipoficha alijaza, na kila alipojaza alinipenda zaidi, akawa anawaambia wale wamama kwamba wasichana wa siku hizi wanadonadona kama kuku, lakini huyu anakula, huyu ataweza shamba. Nilikuwa napendwa kwa kazi ya kiondo.

Tulipofika wakati wa kuagana mama akaitisha ndengu. Akainama, akachukua kiondo changu mwenyewe, na mimi nikanyoosha mkono nimzuie lakini nilikuwa nimechelewa. Alishangaa uzito. Akatia mkono, akatoa chapati. Akatoa nyingine. Alizitoa zote akazipanga juu ya meza, taratibu, na ile ya mwisho ilikuwa imeshika sukari kidogo iliyokuwa imemwagika humo ndani.

Ningeshukuru kama angenitukana. Alikaa karibu na mimi, akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mtoto wangu, kwenu kuna njaa?" Nikaangalia zile chapati mezani. "Si ungeniambia tu. Ni mama yako hajakula?" Akainuka, akaenda ndani, akarudi na pakiti ya unga akaniwekea magotini. Unga wa ngano. Mama yangu ana duka Migwani, anauza huo unga.

Shangazi Kaluki hakuona njaa. "Mtu mwenye njaa anakula," akasema. "Huyu hajala hata moja. Chakula cha watu kinabebwa kwa siri kinapelekwa wapi? Kwa nani?" Wale wamama wa kanisa wakasogeza viti nyuma kidogo, na mimi nikaelewa ninashukiwa uchawi, maana sisi Wakamba tunajuana. Nikawaona mbuzi wangu wakirudi zizini mmoja mmoja.

Ndipo nikaeleza. Nilieleza yote, damu, kamera, utumbo, vita, na nilieleza kwa hasira kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika kama mwongo.

"Umetoka Migwani ukuje utuambie chapati ni sumu," Shangazi akasema. Akachukua moja pale mezani. "Kama huna neno na hii nyumba, kula tukuone."

Nilikula. Si ushujaa, ni hasira tupu. Nilikula yote mbele yao, nikipasua kipande kwa kipande, na niwaambie kitu ambacho sijamwambia daktari: ilikuwa tamu. Laini ndani, imekauka kidogo pembeni. Nilikuwa sijaonja chapati tangu niambiwe niache, na machozi yaliyonitoka hapo wao walidhani ni ya aibu.

Chai ya kuniaga haikuisha. Tumbo lilianza kukata, jasho likanitoka, nikauliza choo kiko wapi nikiwa tayari nimesimama. Choo chao kiko chini ya shamba, cha mabati, na mabati hayana siri. Nilitapika, nikaendesha, nikatapika. Nilisikia miguu ya watu, halafu nikasikia mama akiwafukuza wote, Shangazi wa kwanza. Akabaki yeye peke yake nje ya mlango na ndoo ya maji.

"Mtoto wangu. Ni ile chapati?"

"Ni hiyo, mama."

"Moja tu?"

"Moja tu."

Akasukuma ndoo mpaka mlangoni. "Na mimi nilikuwa nakuongeza," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Halafu akaita kwa nguvu, "Mutuku! Uliniambia mkate."

"Si mkate ndio ngano, mama, chapati nayo ni..."

"Nyamaza."

Usafiri uliniacha. Jioni nililala kwa kitanda cha mama nimejikunja, na yeye akaniletea bakuli la muthokoi, akakaa hapo kitandani. Akaniambia alikuwa amenitengea kando asubuhi, kisha akaona haya, akasema watu wa Kitui watasema Mukuyuni mgeni anapewa chakula cha kila siku. Nilikula kidogo kidogo, nikalia, na yeye akawa ananipangusa na leso yake. Nilimpenda huyo mama hapo hapo.

Tangu siku hiyo niliapa kwamba sitaficha chakula tena wala kutuma mtu maneno. Nikiingia kwa watu, kabla sijakaa, nasema mimi ngano hapana, wakicheka wacheke, wakikasirika nitaomba radhi nikiwa mzima. Na nimekishika hicho kiapo kila mahali, isipokuwa kwetu siku ya ntheo. Mbuzi walifika, wazee wakakaa, na mama yangu mzazi, yule wa Biblia, akapita akaniwekea nusu chapati kwa sahani mbele ya wageni wote. "Nusu tu," akaninong'oneza. "Watu wanaangalia." Nilimwangalia, nikawaangalia wazee, na mdomo ukakataa kufunguka.

Tukaambiwa tufumbe macho tuombe. Katikati ya maombi nikasikia kitu kinagusa sahani yangu. Nikafumbua jicho moja. Mama Mutuku alikuwa kando yangu, ameinamisha kichwa, midomo inasema "ndiyo Bwana," na mkono wake unateremsha ile nusu chapati ndani ya kiondo chake.

Wakati wa kuagana mama yangu alikuja na ndengu, akainama akishike kile kiondo akijaze, kama ilivyo desturi. Mama Mutuku akakivuta magotini, akakikumbatia kwa mikono miwili.

"Hiki acha, mama Ndanu," akasema. "Hiki kimeshajaa."